Samaki wakubwa ndio waliotangulia kufa

Kisa hiki nilikishughulikia mwenyewe nikiwa afisa wa uvuvi katika divisheni moja ya Mkoa wa Magharibi, Kenya, kabla ya mikoa kuondolewa na serikali za kaunti kuingia mwaka 2013. Jina la kijiji, la kampuni ya sukari na ya watu wote nimeyaacha. Mwenye bwawa nitamwita Mzee na mkewe Mama, ndivyo nilivyokuwa nikiwaita hata tukiwa uso kwa uso. Nimekiandika kwa ajili ya maafisa ugani vijana, na kwa mkulima yeyote wa miwa anayefikiria kuchimba bwawa chini ya shamba lake.

## Usuli

Ukanda wa miwa wa magharibi mwa Kenya unapita Muhoroni na Chemelil upande wa Nyanza na kupanda hadi Mumias na Nzoia. Mkoa wetu uliligusa Ziwa Victoria kwa ncha tu, kule Budalang'i na Sio Port. Waliobaki, samaki waliwajia kwa baiskeli: mchuuzi anaingia kijijini jioni na tenga, omena, yaani dagaa, wanapimwa kwa mkebe, tilapia wa kukaanga wanauzwa mmoja mmoja. Ardhi ilikuwa ya miwa, na kipande cha mahindi ya kula.

Mkulima wa kandarasi hana usemi mwingi juu ya miwa yake. Kampuni humlimia, humpa mbegu, mbolea ya DAP ya kupandia na ya urea ya kukuzia, kisha miwa ikikomaa huleta wakataji na trekta. Kila kitu huandikwa. Miwa ikishapita kwenye mizani, gharama zote hukatwa pamoja na riba, ukataji na usafirishaji, na kinachosalia ndicho chake. Kwa hiyo hela humfikia mara moja kwa karibu miaka miwili, kwa mkupuo, siku asiyoichagua yeye.

Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchangamsha uchumi, na samaki wakawamo. Maeneobunge 140 yalichaguliwa, kila moja likapangiwa mabwawa 200. Bwawa moja lilikuwa la mita 300 za mraba, na vifaranga 1,000 wa kuanzia. Ofisini kwetu tulikuwa watu watatu na pikipiki moja. Kila wiki makao makuu yalituuliza swali lilelile: mmechimba mangapi?

Mzee alikuwa na ekari nne na nusu, tatu zikiwa za miwa iliyopandwa Januari 2009. Alikuwa na ng'ombe watatu, kuku wa Mama, na watoto sita, mmoja wao akitarajiwa kuingia kidato cha kwanza mwanzoni mwa 2011. Miwa alikuwa ameilima tangu ujana, na alikuwa hodari. Hilo naomba msomaji alishike, kwa sababu uhodari wenyewe unaingia katika chanzo cha msiba.

## Mambo yalivyokwenda

Bwawa lilichimbwa Machi 2010 na vijana wa kijiji, mahali shamba linapoishia kwenye kijito cha chemchemi. Udongo ulikuwa mfinyanzi mzuri, maji hayakuvuja. Ila ulikuwa mchachu, kama mashamba mengi yaliyopigwa DAP mwaka baada ya mwaka. Bwawa kwenye udongo kama huo hutiwa chokaa kwanza. Chokaa yetu ilichelewa, na makao makuu yalitaka hesabu. Nikaruhusu maji yaingie.

Vifaranga 1,000 wa tilapia waliingia Juni. Mzee akaongeza kambare wadogo 50 kwa hela yake, ili wawale watoto wa tilapia, bwawa lisije likajaa. Wazo zuri, na lilikuwa lake.

Shida ya kwanza ikaonekana mapema: maji yalikataa kuwa kijani. Bwawa la tilapia linatakiwa kuwa na rangi ya kijani hafifu, yaani mwani, ile mimea midogo ya majini ambayo samaki hula na ambayo mchana hutoa oksijeni. Unaipima kwa mkono wako. Unachovya, kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu, unashuka polepole. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, uko sawa. Kikipotea kabla, mwani umezidi. Ukikiona bado wakati kiwiko kimeshazama, maji yana njaa. Mzee alizamisha mkono hadi karibu na bega na bado akahesabu vidole vyake. Penye uchachu samadi haifanyi kazi vizuri, lakini yeye hakuwa na chokaa, alikuwa na samadi. Kipimo nilichompa kilikuwa kilo 15 za samadi kavu kwa wiki, kwenye kizimba cha miti pembeni mwa bwawa. Akaongeza.

Chakula cha mpango kilimalizika Novemba. Kwa makisio yangu alikuwa na samaki 900 hivi wa gramu 120, na kwa kiwango cha asilimia 3 ya uzito wao walihitaji kilo 3 na ushee kwa siku. Mfuko wa kilo 50 ni wa majuma mawili tu. Hesabu hiyo tulikuwa tumeifanya pamoja tangu mwanzo, na jibu lake lilikuwa miwa. Ingekatwa Agosti au Septemba, pesa zingetoka, chakula kingenunuliwa.

Miwa haikukatwa Septemba. Haikukatwa Desemba. Msimamizi wa zoni, mtu wa kampuni katika eneo letu, alikuwa akisema mwezi ujao, na mwezi ujao akisema kiwanda kimefungwa kwa matengenezo. Mzee akauza fahali, fahali akaenda shuleni. Bwawa likabaki na samadi, sasa wilbaro moja kila asubuhi, pamoja na majani ya viazi vitamu, ugali wa jana, na machicha ya busaa, pombe ya kienyeji, kutoka kwa shemeji yake.

Nilipita Februari 2011. Safari hii maji yalikuwa mazito kama uji wa mrenda, na kiganja changu kilipotea kifundo cha mkono hakijazama. Nikamwambia aache samadi leo hii.

"Sasa watakula nini, Bwana Samaki?"

Nikamwambia avue nusu, wale wakubwa, auze, anunue chakula cha waliobaki. Akacheka. "Miwa haikatwi nusu." Kuna mfanyabiashara wa mjini alikuwa amemwahidi kuchukua samaki wote siku moja, karibu na Pasaka. Nikajaza kitabu changu cha ziara, nikawasha pikipiki.

## Alfajiri ile

Katikati ya Aprili, siku kumi kabla ya Pasaka, simu yangu ililia saa kumi na mbili asubuhi. Mwana mkubwa wa Mzee alikuwa akihema. Samaki wanakufa, jirani wa juu alipuliza dawa ya magugu juzi, na usiku mvua kubwa imenyesha.

Nikamwambia: hiyo ni sumu, fungeni maji yanayoingia.

Nilifika saa mbili. Tilapia walikuwa wameelea kwa mamia, matumbo juu, wengi midomo wazi. Waliokuwa hai walikuwa wamejipanga kwenye mdomo wa mfereji tuliokuwa tumeuziba, wakilamba hewa juu ya maji. Mama alikuwa amekaa kwenye tuta na karai tupu. Vijana wawili walikuwa wameondoka na mapanga kwenda kwa jirani, na mzee wa kijiji, liguru kama wanavyomwita huku, alikuwa amewakimbilia.

Nilichutama, nikatazama. Kukimbia kungekuwa rahisi zaidi. Waliokufa wote walikuwa wakubwa. Watoto wa tilapia, wa urefu wa kidole, walikuwa wakicheza ukingoni. Kambare walikuwa wakipanda mmoja mmoja, wanameza hewa, wanarudi chini bila wasiwasi. Vyura walikuwepo, na wale wadudu wanaoteleza juu ya maji walikuwa wanateleza. Nikachomeka kijiti chini, kikatoka cheusi na harufu ya yai bovu.

Sumu ingeanza na wadogo, na isingewasaza wadudu wala vyura. Oksijeni inapopungua, wakubwa ndio hutangulia, na kambare husalimika kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu. Bwawa lilikuwa limekosa pumzi. Na maji mapya, dawa pekee iliyokuwepo, yalikuwa yamefungwa kwa saa mbili kwa amri yangu.

## Maamuzi na sababu zake

Tulifungua mfereji papo hapo, na bomba la kutolea tukalilaza ili yatoke maji ya chini yaliyooza, ya juu yabaki. Vijana waliosalia walisimama kwenye maji wakayachota kwa karai na kuyarusha juu, maji yapate hewa yakianguka. Kizimba cha samadi tuling'oa chote. Hadi saa sita jua lilikuwa limetoka na samaki waliobaki walikuwa wamezama mahali pao. Usiku uliofuata wengine walikufa, ila si wengi kama wa alfajiri ile.

Uamuzi mgumu ulikuwa juu ya samaki wenyewe. Mama alitaka kuwauza wale waliokuwa bado wakihema, siku ya soko ilikuwa hiyohiyo. Nilikataa, nikaagiza waliokufa wafukiwe na wanaohema waachwe. Kuhusu waliokufa sina majuto: hakuna aliyejua walikufa saa ngapi. Kuhusu wanaohema nilikosea. Hadi wakati huo nilikwisha kujua si sumu. Lakini neno sumu lilikuwa limetoka kinywani mwangu kwenye simu, likasikika na nyumba nzima, na sikuwa na ujasiri wa kulirudisha mbele ya watu wale wote asubuhi hiyohiyo. Zaidi ya tilapia 100 walioachwa wakihema walikufa usiku. Wangekuwa ada ya muhula.

Kwa jirani nilikwenda na liguru saa tisa alasiri. Nikaeleza mbele yake na mbele ya wana wa Mzee kwamba dawa yake haikuua samaki. Mzee alimpelekea jogoo.

## Matokeo

Kwa siku mbili tulihesabu samaki 412 waliokufa. Mwezi Mei tulikausha bwawa. Tilapia wa kuuzika walikuwa 230, wengi wa gramu 150 hadi 200, udogo wa aibu kwa samaki wa miezi kumi na moja. Chini yao kulikuwa na maelfu ya watoto: vifaranga tulivyoletewa vilikuwa na dume na jike, wamezaana na kugombania kile kidogo kilichokuwepo, na kambare 50 wasingetosha kuwapunguza. Waliobaki kufikia 1,000 walikwenda na mdiria, kenge na sijui nani. Kambare 31 walikuwa hai, baadhi wakipita kilo moja. Hao Mama aliwauza barabarani kwa nusu saa. Tilapia haikununuliwa na mtu wa kijiji kile, sumu ilikuwa bado inazungumzwa. Ilibidi wapelekwe soko la mbali.

Miwa ilikatwa Juni 2011, ikiwa na miezi 29. Ilikuwa imelala, imekauka ncha, na baada ya kukatwa ikakaa kando ya barabara siku sita ikingoja trekta, wakati muwa uliokatwa unatakiwa kusagwa ndani ya siku moja au mbili. Tani zilikuwa 51. Baada ya makato, kilichobaki hakikutosha kurudisha yule fahali. Wenzake wawili katika zoni hiyo hati zao za malipo zilikuja na herufi DR, maana yake wao ndio wanaodaiwa na kampuni.

Mzunguko wa pili ulianza Oktoba 2011, na mwenye bwawa sasa alikuwa Mama. Tope jeusi lilitolewa na kutandazwa kwenye migomba, bwawa likaachwa hadi likapasuka nyufa, chokaa ikatangulia maji. Vifaranga walikuwa madume watupu, 600 tu. Chakula kilitokana na mayai na maziwa: kila Jumamosi alinunua cha juma moja, wishwa na unga wa omena, basi. Kuanzia mwezi wa tano tangu vifaranga waingie alivua samaki 20 kila siku ya soko. Hadi Julai 2012 walikuwa wametoka karibu kilo 150, pamoja na walioliwa nyumbani. Fisi maji alipiga kambi majuma mawili akachukua hisa yake.

Utajiri haukuingia. Mzee naye hakufurahi sana kuona hela ya bwawa inakaa kwenye leso ya mkewe, akawa anakumbusha shamba ni la nani. Hayo waliyamaliza wenyewe.

## Uchambuzi

Kifo chenyewe ni rahisi kukieleza. Mwani ukizidi, mchana bwawa hujaa oksijeni, usiku mwani wenyewe unaitumia pamoja na samaki na vijidudu vinavyoozesha samadi. Kwa hiyo oksijeni hufika chini kabisa karibu na alfajiri. Zikija siku tatu za mawingu, kama juma lile, mchana haurudishi kilichotumika usiku. Mvua kubwa ya baridi ikatibua tope la chini, likanyonya kile kidogo kilichobaki. Ndiyo maana nawaambia vijana wa ofisi: mkulima akikupigia simu alfajiri kwamba samaki wanakufa, uliza maswali matatu kabla hujasema neno. Wanaokufa ni wakubwa au wadogo? Kambare je? Vyura wapo? Mimi sikuuliza hata moja.

Lakini ukiishia kwenye oksijeni umekifukia kisa pamoja na samaki. Faili la ofisi liliandikwa "usimamizi duni wa mkulima", na mimi ndiye niliyetia sahihi. Siku hizi nisingetia. Samadi haikuzidi kwa uzembe. Ilizidi kwa sababu ndicho chakula pekee kisicholipiwa, na chakula cha kulipiwa kilikuwa kimesimama shambani, kimekomaa, kinangoja trekta. Tulimpa mtu mifugo inayokula kila siku, tukaiegemeza kwenye zao linalolipa kila miaka miwili likitaka. Bwawa la pili halikuwa na siri nyingine kubwa: yai linauzwa kila wiki, samaki analishwa kila wiki. Laiti ningeuliza Machi 2010, pesa ya chakula itatoka wapi mwezi wa sita baada ya vifaranga kuingia, jibu la "miwa" lingenitosha kumwambia achimbe bwawa la mita 100 za mraba.

Halafu kuna huo uhodari. Miwa inamfunza mkulima subira ya namna yake: panda, palilia miezi ya mwanzo, kisha iache, uzito unaongezeka wenyewe, na kuna mtu mwingine atakuja kuvuna. Mzee alilisimamia bwawa kwa elimu hiyohiyo, hadi kwa mnunuzi mmoja wa kuchukua kila kitu siku moja. Mama alikuwa amefunzwa na kuku, ambao hukaguliwa asubuhi na jioni na kupunguzwa mmoja mmoja. Mafunzo yetu ya siku mbili kwenye ukumbi wa kanisa yalihudhuriwa na akina baba 34 na akina mama 3. Hati ya ardhi ndiyo iliyoamua nani aalikwe.

Upungufu wa chokaa naupima kuwa kosa dogo lililozaa kubwa. Maji yangekuwa kijani kwa kilo 15, mkono wa Mzee usingezoea wilbaro.

Jambo ambalo sikuweza kulirekebisha ni lile neno la kwenye simu. Jirani wa juu alimpokea jogoo, akashukuru, na wana wa Mzee walimwomba radhi mbele ya liguru. Lakini hadi nilipohamishwa mwaka 2013, ng'ombe wake walikuwa bado wanazungushwa njia ya mbali kwenda mtoni. Ile fupi, inayopita kando ya bwawa, ilikuwa imeota nyasi.